Zilizokataa ndizo zilizokuwa sahihi

Mei 2023 nilisababisha kijana mwaminifu akae nyumbani siku mbili kwa kosa ambalo hakulitenda. Kosa lilikuwa langu, na lilitokana na faili la taarifa ya benki nililoliingiza kwenye mfumo wa hesabu bila kulikagua. Nimeona niandike niliyojifunza tangu wakati ule, maana najua tuko wengi tunaoshika hesabu za maduka na kampuni ndogo, tunafanya kazi hii peke yetu, usiku, ritani ya kodi ikisubiri, na hakuna mtu pembeni wa kukuambia pa kuangalia.

Niko Moshi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, nondo, rangi, mabomba. Wateja wetu ni mafundi wa mjini, watu wa Himo na Machame wanaojenga nyumbani kwao, shule, na mashamba ya kahawa. Kwa miaka minne taarifa ya benki nilikuwa naichapa kwa mkono. Benki inatuma PDF, natoa karatasi, naweka rula juu yake nisije nikaruka mstari, kisha naingiza tarehe, maelezo na kiasi, mmoja baada ya mwingine. Mwezi wenye miamala 180 au 190 ulikuwa unanila siku mbili kamili. Mgongo ulikuwa unauma, lakini hakuna shilingi iliyoingia kwenye vitabu bila kupita chini ya macho yangu. Thamani ya hilo sikuijua mpaka nilipoliacha.

Mwanzoni mwa 2023 tukahamia mfumo mpya ambao unaweza kupokea taarifa ya benki moja kwa moja, na Mama mwenye duka akaninunulia laptopu mpya. Kuanzia taarifa ya Aprili, benki ikakubali kunipa faili la CSV. Kwa asiyelifahamu, CSV ni maandishi matupu: kila muamala una mstari wake, na mikato ndiyo inayotenganisha safu. Halina rangi wala nembo, lakini ndilo ambalo karibu kila mfumo wa hesabu unalielewa. Nilijiona nimeokoka. Siku mbili za kazi zinakwenda kuwa dakika kumi.

Jumatatu usiku, tarehe 15 Mei, nikalifungua faili la Aprili kwa kulibofya mara mbili, likatokea kwenye Excel. Mfumo wetu unataka tarehe ianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku: 2023-04-03. Benki inaanza na siku: 03/04/2023. Basi nikachagua safu nzima ya tarehe, nikabadilisha muundo, nikaona zinageuka zenyewe. Zile za juu ziligeuka. Kuanzia tarehe 13 kwenda chini ziligoma, zikabaki 13/04/2023 vilevile. Nilipoingiza, mfumo ukapokea mistari 61 na kukataa 126, ukanieleza kwa maandishi mekundu kwamba tarehe hizo hauzielewi. Nikarudi kwenye jedwali, nikazirekebisha hizo 126, nikaingiza tena. Zikapita zote. Nikamshukuru Mungu, nikazima taa.

Asubuhi nikachapisha ripoti ya fedha zilizowekwa benki mwezi wa Aprili, nikaiweka mezani kwa Mama. Sikuwa nimeilinganisha na chochote.

Mama akavaa miwani, akafungua daftari lake la fedha, akaanza kupitisha kalamu. Tarehe 3 Aprili, 2,850,000: haipo. Tarehe 4, 2,640,000: ipo. Tarehe 5, 3,120,000: haipo. Tarehe 6, 4,400,000: haipo. Baada ya sikukuu ya Pasaka, tarehe 11, 5,975,000: haipo. Tarehe 12, 2,305,000: haipo. Kuanzia tarehe 13 mpaka mwisho wa mwezi kila kitu kipo. Akajumlisha zisizokuwepo, zikafika 18,650,000. Akavua miwani. Fedha zote hizo zilikuwa zimepelekwa na mtu mmoja.

Yule kijana aliitwa ofisini. Akasema, "Mama, hela zote nimepeleka, na slipu nilimkabidhi dada." Ni kweli alinikabidhi. Lakini nyingi zilikuwa slipu za wakala, zile za karatasi nyembamba inayochapwa kwa joto, na mimi nilizibana kwenye kibao kilichoning'inia dirishani, jua la mchana likizipiga wiki baada ya wiki. Nilipozishusha zilikuwa nyeupe. Moja ilibaki na kivuli cha tarakimu ambacho hakingeweza kumtetea mtu yeyote. Mama hakumfokea. Alimwambia tu apumzike nyumbani wakati tunaangalia. Anapotoka mlangoni kijana akanigeukia, akasema polepole, "Dada, fungua karatasi ya benki yenyewe. Usifungue kompyuta."

Ningemsikiliza siku ileile, mambo yangeisha kabla ya chakula cha mchana. Sikumsikiliza. Ritani ya VAT ilikuwa ya tarehe 20, nikaendelea na ritani.

Alhamisi jioni nilikuwa natafuta ankara moja ya Machi, nikafungua leja ya benki ya mwezi ule. Machi niliichapa kwa mkono, kwa rula, naijua kama nijuavyo chumba changu. Nikaona mstari wa tarehe 4 Machi: fedha taslimu zimewekwa, 2,850,000. Mwili ukanisisimka, maana muamala huo sikuwahi kuuchapa. Nikaondoa kikomo cha tarehe nione leja yote. Tarehe 4 Mei, 3,120,000. Tarehe 4 Juni, 4,400,000. Tarehe 4 Novemba, 5,975,000. Tarehe 4 Desemba, 2,305,000. Tulikuwa tarehe 18 Mei, na vitabu vyangu vilikuwa vinasema tumeweka fedha benki mwezi wa Desemba.

Nikafungua tena lile faili, safari hii nikaitazama safu ya tarehe kwa utulivu, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sasa nakiangalia kabla ya kitu kingine chochote. Tarehe za 1 mpaka 12 zilikuwa zimeegemea upande wa kulia wa kisanduku. Kuanzia 13 zilikuwa zimeegemea kushoto. Excel ikitambua kitu kuwa ni namba au tarehe, hukisogeza kulia. Ikikiona ni maneno tu, hukiacha kushoto. Laptopu yangu mpya ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi huandikwa kabla ya siku. Kwa hiyo 03/04 iliisoma kuwa Machi 4, 05/04 kuwa Mei 4, 12/04 kuwa Desemba 4. Ilipofika 13/04 ikakwama, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu, ikaiacha kama maneno. Tarehe 4 Aprili ilisalimika kwa sababu ukiigeuza inabaki ileile.

Maana yake, ile mistari 126 iliyokataliwa ndiyo iliyokuwa salama, na ile 61 iliyopokelewa bila neno, ukitoa ya tarehe 4 tu, ndiyo iliyoharibika. Mimi nilitumia usiku mzima kutengeneza kisichokuwa kibovu, na kile kibovu nikakiamini kwa sababu hakikunisumbua. Ndiyo maana siku hizi faili linaloingia lote mara ya kwanza, bila lalamiko lolote, ndilo ninalolikagua kwa muda mrefu zaidi.

Nikatoa PDF ya benki, nikaweka rula. Fedha zote zilikuwepo, kila moja kwa siku yake. Nikampigia Mama simu saa mbili usiku, nikamweleza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo unichukue, twende wote." Tulimkuta kijana kwao, amekaa kibarazani na mama yake. Mama wa duka ndiye aliyeanza: "Mwanangu, tumekukosea. Hela zipo." Mimi nikamweleza kilichotokea kwa kumwonyesha karatasi, maana sikutaka lionekane ni jambo la mashine lisilo na mwenyewe. Nikamwambia kosa ni langu. Mama yake akaniuliza swali moja tu: "Na kama asingekuwa amekwambia uangalie karatasi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kusafisha kulikuwa na adhabu yake. Sikuwa nimeweka nakala rudufu kabla ya kuingiza, na mfumo wetu wakati ule haukuwa na njia ya kufuta kundi zima kwa pamoja. Nilifuta ile mistari 61 mmoja mmoja, na ya tarehe 4 ikiwemo, nikairudisha upya. Pia sikuwa nimeifunga Machi. Mifumo mingi ya hesabu inakuruhusu kufunga mwezi uliokwisha, mtu asiweze kuingiza kitu nyuma. Kama Machi ingekuwa imefungwa, mfumo ungenigomea ile 2,850,000 usiku uleule, na huenda ningeshtuka.

Sasa nieleze ninavyofanya.

Faili likitoka benki naliweka kwenye folda ya mwezi, na hilo la asili siligusi kabisa. Kazi naifanyia nakala. Sheria ya kodi inatutaka tutunze kumbukumbu miaka 5, na siku mkaguzi akiuliza nataka nimwonyeshe faili kama lilivyotoka benki, halijapita mikononi mwangu. Silibofyi mara mbili tena. Nafungua kwanza jedwali tupu, kisha naliita faili kupitia sehemu ya kuleta data, ambako naulizwa kila safu ni ya aina gani. Ya tarehe nasema ni siku, mwezi, mwaka. Ya namba ya kumbukumbu ya muamala nasema ni maneno. LibreOffice, programu nyingine ya majedwali kama Excel, inauliza haya yenyewe kila unapofungua CSV, dirisha linajitokeza hata usipoliita, na kwa sababu hiyo moja nimehamia huko kwa kazi hii.

Hilo la safu ya kumbukumbu kuwa maneno lina kisa chake kifupi. Malipo ya serikali yanakuja na kontrol namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Ukiiacha Excel iione kuwa ni namba, itakuonyesha 9.91E+11, na ukihifadhi kama CSV hicho ndicho kinachohifadhiwa. Ukifungua tena, tarakimu za nyuma zimekuwa sufuri. Malipo yangu matatu ya kodi yalifanana yote, na sikuweza kujua lipi ni la mwezi upi mpaka niliporudi kwenye faili la asili. Namba za simu nazo hupoteza sufuri ya mbele kwa njia hiyohiyo.

Kisha kuna ukaguzi wa salio, ambao nausisitiza kwa kila anayeniuliza. Salio anzia, ongeza zilizoingia, toa zilizotoka, lazima ufike kwenye salio ishia, kwa senti. Taarifa nyingi za benki zina safu ya salio baada ya kila muamala, na safu hiyo watu huifuta kwa sababu mfumo hauihitaji. Usiifute mapema. Mimi pembeni yake naweka safu yangu: salio la mstari wa juu, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka, toa salio la mstari huu. Jibu liwe sufuri kuanzia juu mpaka chini. Mahali sufuri inapovunjika ndipo mstari ulipopotea au kiasi kilipoharibika, na unakuwa umefika mlangoni badala ya kutafuta mtaa mzima. Angalia tu kama benki yako inaanza na muamala wa mwisho wa mwezi. Nyingine hupanga kinyume, na hesabu hiyo inabidi uigeuze.

Lakini ukaguzi huo usingeniokoa mwezi wa Aprili, na hili nilichelewa kulielewa. Kiasi kilikuwa sahihi chote, tarehe ndizo zilizohama. Kwa hiyo naongeza mambo mawili. Kabla ya kuingiza, naliambia jedwali linipe tarehe ndogo kabisa na kubwa kabisa kwenye safu, pamoja na idadi ya tarehe linazozitambua. Kama ni taarifa ya Aprili, ndogo isiwe chini ya tarehe 1 Aprili, kubwa isizidi 30, na idadi ilingane na mistari. Ningefanya hivyo usiku ule, tarehe 4 Desemba ingenitazama usoni. Baada ya kuingiza, naomba mfumo unipe salio la benki la siku ya mwisho ya mwezi, siyo la leo, na liwe sawa na la benki.

Mambo mengine yalikuja taratibu, miezi iliyofuata. Kubwa lilikuwa la miamala kujirudia. Katikati ya mwezi nilipakua taarifa ya tarehe 1 mpaka 15, mwisho wa mwezi nikapakua ya mwezi mzima, nikaingiza zote mbili. Mauzo ya wiki mbili yakawa mara mbili. Nikaenda kwenye mpangilio nikawasha kipengele kinachoruka miamala iliyofanana. Nikapumzika, na huko nako nikaumia. Mafundi wawili tofauti walilipia mifuko kiasi kilekile siku moja, 850,000 na 850,000, kwa wakala mmoja, maelezo yamefanana neno kwa neno. Mfumo ukaona ni muamala mmoja uliojirudia, ukautupa wa pili. Fundi wa pili akapigiwa simu ya deni ambalo alikuwa amekwisha kulipa. Alikuja na slipu yake mkononi, amekasirika, na alikuwa na haki.

Kuna aina za mafaili ambazo zimelifikiria tatizo hili tangu mwanzo. OFX, ambayo ilianzishwa mwaka 1997, huupa kila muamala namba yake ya utambulisho, na mfumo ukikutana na namba iliyokwisha kuingia unaiacha. MT940, ambayo benki hutumia kwenye mtandao wa SWIFT unaounganisha benki duniani, haiachi kuandika salio la kuanzia na la kumalizia, basi mfumo unaweza kujikagua wenyewe. Uliza benki yako kama wanatoa mojawapo kabla hujaridhika na CSV. Huenda ofisa wa kwanza asijue unachosema. Omba akuunganishe na anayehudumia kampuni. Mimi niliyenaye ni CSV tu, kwa hiyo alama yangu ya kutofautisha ni ile safu ya salio. Wale mafundi wawili walilipa kiasi kimoja siku moja, lakini salio baada ya malipo ya kwanza na salio baada ya malipo ya pili kwa kawaida hayawi sawa. Tarehe, kiasi na salio vikilingana vyote vitatu kati ya mistari miwili, naifikiria kuwa imejirudia na kwenda kuitazama. Salio likitofautiana, ni watu wawili. Tangu hapo naunganisha salio kwenye safu ya kumbukumbu kabla ya kuingiza, na kile kipengele cha kuruka kimeacha kumtupa mtu.

Halafu kuna kanuni, yaani maagizo unayouachia mfumo ili uainishe miamala wenyewe. Ni msaada mkubwa sana, sitaki kumtisha mtu. Makato ya benki ni mengi na madogo, na kuyaainisha moja moja kunachosha. Wakati tozo za miamala zilipoingia benki Julai 2022, kisha zikapunguzwa Oktoba mwaka uleule, karatasi zetu zilijaa mistari midogomidogo ambayo kwa mkono ilikuwa mateso. Basi kwenye mfumo mpya niliagiza: ukiona herufi FEE kwenye maelezo, peleka kwenye gharama za benki. Ilifanya kazi vizuri miezi miwili. Mwezi wa tatu gharama za benki zikatoka chini ya sufuri, jambo ambalo haliwezekani, benki haikulipi wewe kwa kukuhudumia. Mteja wetu mmoja wa kahawa alikuwa amelipia mabati 1,400,000, na jina la biashara yake lina neno COFFEE. FEE imo ndani ya COFFEE. Hapa Kilimanjaro, kwa kanuni ile, nilikuwa nimewatega nusu ya wateja wangu. Nikaiandika upya itafute maneno kamili yanayotumiwa na benki yetu, na ihusu fedha zinazotoka tu. Kila mwezi napitia mistari yote iliyoainishwa na kanuni. Ni kama kumi na tano kwenye ukurasa, haichukui muda.

La kutoka na kuingia linawachanganya wanaoanza, nami lilinichanganya miaka ile ya chuo. Benki inapoandika debiti inazungumzia vitabu vyake, siyo vyako. Fedha zako zilizoko benki ni deni ambalo wewe unaidai benki, kwa hiyo zikitoka kwao ni debiti, wakati kwako ni krediti. Ukizipanga safu hizo kwa majina yake bila kufikiri, mwezi mzima unaingia kichwa chini. Bahati nzuri kosa hili linaonekana upesi: duka lenye fedha linatokea lina salio hasi.

Lipa Namba nayo inahitaji uangalifu wake. Siku nzima wateja wanalipa kwa simu, na benki wewe unaona mstari mmoja, jumla ikiwa imeshakatwa ada. Ukiuingiza mstari huo kama mauzo, umepunguza mauzo yako na umeificha ada, na mashine ya risiti, EFD, itakuwa na jumla nyingine. Mimi nina akaunti ya kupitishia: mauzo yote ya simu yanaingia humo kwa kiasi kamili, fedha zikifika benki zinatoka humo, na kinachobaki ni ada. Kikibaki zaidi ya ada baada ya siku chache, kuna malipo hayajafika.

Jambo moja nalijutia tofauti na mengine, kwa sababu siwezi kulirudisha. Kabla benki haijanipa CSV, nilitafuta kwenye intaneti huduma za bure za kugeuza PDF kuwa jedwali, nikapakia humo taarifa za miezi mitatu. Karatasi zile zina majina ya wateja wetu, namba zao za simu, nani kalipa kiasi gani. Nilizikabidhi kwa watu nisiowajua kwa ajili ya kuokoa saa chache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata bila sheria, mteja aliyelipia mabati ya nyumba yake hakunituma nimtangaze. Kama huna njia ila PDF, tumia programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako, na ujue PDF ina mitego yake: maelezo marefu hukatika yakawa mistari miwili, na lile salio linalohamishwa juu ya kila ukurasa hujifanya muamala. Ile safu yangu ya sufuri huyakamata yote mawili.

Yule kijana bado tuko naye. Slipu za wakala sasa anazipiga picha palepale dirishani kwa wakala kabla hajapanda bodaboda, na mimi kibao cha dirishani nimekishusha. Zinakaa kwenye bahasha, kabatini. Nilimwomba jambo moja, naye akakubali: kila mwisho wa mwezi, nikimaliza kuingiza, anakuja ofisini saa kumi na moja, tunafunga mlango. Yeye anashika karatasi ya benki na rula yangu ya zamani, mimi nashika kompyuta. Yeye anasoma, mimi natafuta. Hatusomi yote, tunasoma fedha zote zilizowekwa na kila muamala unaozidi milioni moja, kisha salio la mwisho, ambalo analisoma mara mbili, tarakimu moja moja.

Mwezi uliopita alifika mstari mmoja akaweka kidole, akasema, "Dada, hapa subiri. Kwenye karatasi ni tarehe saba." Kwangu ilikuwa tarehe nane. Tukafungua faili la asili. Benki ina safu mbili za tarehe, ya siku muamala ulipofanyika na ya siku fedha zilipohesabiwa, na nilikuwa nimechukua ya pili. Nikairekebisha mbele yake. Akasogeza rula, akaendelea kusoma.